Magogo Matatu ya Bibi

Kila Juni mimi na babu hupakia hema na kwenda kupiga kambi kando ya Ziwa Ambrose. Mwaka ule bibi hakuwepo tena. Nikaficha ndani ya blanketi lake magogo matatu ya mti wake wa eshi, uliokauka uani kwetu, ili tuote moto wake kama zamani.

Langoni, Bi Dahlgren, askari wa hifadhi, alituuliza swali lake la kila mwaka.

"Mzee Orville, mmebeba kuni za nyumbani?"

"Unatafuta sababu ya kunifukuza, eti?" babu alicheka. "Hatuna!"

"Na wewe, Maren?"

"Hapana," nilisema bila kupepesa macho.

Nilijua kwamba mdudu aliyemaliza miti ya mtaa wetu husafiri ndani ya kuni. Lakini magogo matatu tu!

Jioni, babu alipokwenda kununua kuni langoni, nilijilaza hemani. Ndani ya blanketi nikasikia kru, kru, kru. Nililisukuma mbali, lakini sauti haikukoma. Juu ya hema miti ya eshi ilitikisa majani mabichi, nami nikaiona kama ile ya mtaani: imevuliwa magome, imesimama tu kama maiti waliosahauliwa kuzikwa. Niliogopa sana.

"Mbona huli soseji? Umeona mzimu?" babu alinitania aliporudi.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado ziwani, mdudu mdogo wa kijani alikuwa akipanda turubai kuelekea kwenye majani. Nilimfunika kwa kikombe.

"Babu! Nimedanganya! Magogo ya bibi yamo ndani ya blanketi!"

Hakunifokea. Alilitazama blanketi la bibi kwa muda mrefu, na hilo liliniuma zaidi. Kisha tukabeba kila kitu hadi langoni.

Bi Dahlgren aliyachoma magogo palepale, pamoja na mdudu. Babu akanyoosha mikono kuota moto.

"Wametoka wengine?" nilimuuliza Bi Dahlgren.

"Sijui. Ungesema jana, ningejua. Sasa itabidi nikague kila mti, mwaka hadi mwaka."

"Nitakusaidia."

"Vizuri. Kumkumbuka bibi yako si kosa, Maren. Kosa ni kufunga uongo ndani ya blanketi lake."

Huu ni mwaka wa nne. Kabla ya kufungua hema, mimi hukagua kwanza magome, mti mmoja mmoja. Miti yote ingali mibichi.