Mstari Uliongoja Umeme

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Kidole alifuatana na mama mdogo wake hadi zahanati. Nyumbani walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna kitufe alichokiona asikibonyeze. Mama mdogo ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta pale. Wagonjwa wote, pamoja na dawa zinazowadhuru, walikuwa katika programu aliyoiandika kwa Java, lugha ya kompyuta. Kidole naye alipewa programu ndogo kama hiyo, ya kujifunzia.

Kila ilipowashwa, programu ilisoma kwanza faili lake la mipangilio. Katika faili la Kidole, mstari mmoja uliamuru: ukiwaka, futa kumbukumbu zote, anza upya. Kwake haikuwa hasara, maana wagonjwa wake walikuwa wa kubuni.

Jumamosi moja asubuhi mama mdogo alimtuma abadilishe jina la zahanati katika mipangilio ya programu kubwa. Mstari huo tu, asiguse mwingine. Lakini Kidole alikuwa ameshaliandika jina jipya katika faili lake. Ya nini kujichosha? Akalinakili faili lake lote, akalibandika juu ya lile kubwa, akasema amemaliza.

Hakuna kilichotokea. Programu ingesoma mipangilio ikiwashwa tena, si kabla.

Kisha wingu jeusi likatanda na taa ikapepesa. Muuguzi alitania kwamba umeme umeshafunga virago, unatafuta viatu tu. Kidole hakucheka. Alikuwa ameukumbuka ule mstari. Umeme ukikatika na kurudi, kila kitu kitafutika. Kwenye benchi alikohoa mama mmoja ambaye sindano fulani ingeweza kumuua, na onyo lake lilikuwa katika programu hiyo tu. Akisema, atafukuzwa katika chumba hiki cha kompyuta. Akinyamaza...

Taa ikapepesa tena.

"Mama mdogo, nimebandika faili langu lote juu ya lako."

Mama mdogo alivuta kibodi, akaufuta ule mstari, akahifadhi. Papo hapo taa zikazimika.

Walisubiri, mvua ikipiga bati. Umeme uliporudi, kioo cha kompyuta kilibaki cheusi kwa muda, kisha majina yakajipanga, moja baada ya jingine. Muuguzi akalisoma onyo la yule mama, akairudisha sindano kabatini.

"Programu kubwa hutaigusa mpaka nikuamini tena," alisema mama mdogo. "Uvivu umekuponza, ukweli umetuokoa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila leo, mwanangu, ungeficha wewe, na kifo kingekwenda kwenye lile benchi."