Bwawa Lisilo na Ua

Ndugu zangu mnaolima penye mvua za kubahatisha, nawaombeni masikio. Nataka kuwasimulia yaliyomkuta mke wa fundi mmoja. Sisemi kwa kumcheka mtu, maana hata kwangu ua ulichelewa.

Asubuhi hiyo ilikuwa tulivu. Mvua ilikuwa imekata kwa wiki ya tatu, na mashamba ya jirani yalikuwa yamegeuka rangi ya gunia. Shamba la fundi peke yake lilikuwa la kijani. Maharage yalikuwa yametoa maua, na nyuki walivuma juu yake. Siri ilikuwa bwawa. Fundi alilichimba wakati wa kiangazi, kina cha mtu na nusu, akatandika turubai zito jeusi la plastiki ili mchanga usiyanywe maji, kisha akachimba mfereji wa kuyaleta maji ya mvua kutoka barabarani. Mvua tatu tu, likajaa. Mkewe, ambaye watu walimwita Chapchap kwa jinsi asivyojua kukaa, alikuwa na hakika kwamba maji yale yangetosha mpaka maganda yakomae.

Lakini ua haukuwepo. Wala ngazi, wala hata kamba ya kushikilia. Chapchap aliuomba ua siku turubai lilipotandikwa. Akauomba bwawa lilipojaa. Akauomba tena siku Bibi, mama mzazi wa fundi, alipohamia kwao akiwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Kila mara fundi alijibu kwa upole kwamba atafanya kesho. Hakuwa mvivu, jamani. Kwa watu wengine alikuwa fundi wa kutegemewa, akisema Jumatatu ni Jumatatu. Ila kinyozi hajinyoi. Na siku hiyohiyo alikuwa ng'ambo ya kilima, akizungushia ua bwawa la mwalimu mkuu.

Chapchap alimwacha Bibi mlangoni akipepeta nafaka. Akachomeka mundu kiunoni ili baadaye akate majani ya mbuzi, akaenda kuteka maji. Aliinama na ndoo kama alivyofanya kila siku. Ukingo ulikuwa umelowa. Mguu mmoja ukateleza, wa pili ukaufuata, na kabla hajasema lolote alikuwa ndani.

Aliposimama, maji, ambayo yalikuwa yamepungua kwa kumwagilia, yalimfika shingoni. Alimshukuru Mungu kwamba miguu imegusa chini, akaanza kupanda. Turubai lilikuwa linateleza kama kambale. Alipanda kwa magoti, akapanda kwa viwiko, akajaribu pembe zote nne, na kila mara alirudi chini kama mzigo. Ukingo aliuona vizuri, hata sisimizi waliokuwa wakipita juu yake. Lile turubai lililozuia maji yasitoke ndilo lililomzuia na yeye.

Aliita mpaka sauti ikakauka. Upande ule nyumba ilikuwa yao peke yao, na watoto walikuwa shule ya bweni. Jua likapanda. Maji ya chini yalikuwa baridi, miguu ikaanza kufa ganzi.

Ndipo alipokumbuka mundu. Akachana turubai juu ya maji, akapata pa kushika. Alijivuta, miguu ikateleza tena. Alihitaji pa kukanyaga, na pa kukanyaga palikuwa chini ya maji. Akaweka ncha ya mundu kwenye turubai, akasita. Akitoboa pale, mchanga utayanywa maji yote kabla hakujakucha, na maharage yatakauka yakiwa na maua. Watakula nini? Akauondoa mundu. Akajiambia kwamba atavumilia mpaka mumewe arudi.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mtu yumo ndani ya maji mpaka shingoni, na bado anayaonea maji huruma.

Kisha akasikia fimbo ikigonga mawe. Bibi alikuwa amechoka kungoja.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Mama, simama hapo hapo! Usisogee!"

Lakini masikio ya Bibi nayo yalikuwa mazito. Aliisikia sauti, maneno hakuyasikia, akaigeukia sauti na kuja moja kwa moja. Chapchap akaona kwamba akiita anamvuta, akanyamaza. Ukimya ukamtia mzee hofu, akaongeza mwendo. Kikaonekana kitambaa cha kichwa, yakaonekana mabega, kisha ncha ya fimbo ikipapasa majani.

Chapchap hakufikiria maharage tena. Alizamisha kichwa, akalichana turubai kutoka usawa wa goti mpaka chini, akauchimba udongo kwa ncha ya mundu, akatia vidole vya mguu. Akachana tena juu kidogo, akatia mguu wa pili. Alijivuta mpaka mkono ukatokeza ukingoni, akaikamata fimbo na kuisukuma nyuma kwa nguvu zilizobaki. Bibi akaanguka kitako, kwenye nchi kavu. Chapchap akajiburuta nje, akalala kifudifudi kando yake akitetemeka.

Bibi alimpapasa. "Mbona umelowa hivyo?"

Chapchap alicheka. Kicheko kikageuka kilio.

Fundi alirudi jioni. Kabla hajamwona mkewe aliyaona maji, ambayo sasa yangemfika mtu magotini, na bado yalikuwa yanashuka.

"Ungenisubiri kidogo tu," alisema. "Nilikuwa narudi."

"Mama yako alikuwa amebakiza hatua tatu."

Hakupandisha sauti. Fundi aliomba aonyeshwe mahali. Akasimama pale majani yalipolala, alipoanguka mama yake, akatembea kuelekea bwawani. Moja. Mbili. Ya tatu hakuthubutu kuipiga.

Kulipokucha bwawa lilikuwa tope. Maua yalidondoka moja baada ya jingine, na msimu ule walivuna debe moja la maharage yaliyosinyaa. Fundi alijenga ua kuzunguka shimo kavu, akaweka ngazi ya miti na kamba yenye mafundo. Wapita njia walimtania kwamba amefungia hewa isitoroke. Chapchap alimshikia nguzo zote mpaka ya mwisho, ila kwa siku nyingi hakumwambia neno zaidi ya "nyoosha" na "gongea".

FUNZO

Chimbeni mabwawa, ndugu zangu, maana katika nchi kame bwawa huokoa msimu. Lakini ua, ngazi na kamba vitangulie maji, visiyafuate. Na wewe unayesifiwa kwa kazi za watu, ahadi uliyompa mkeo ni kazi kama zile nyingine, tena ndiyo ya kwanza. Aliye nyumbani akikuomba jambo moja mara tatu, usidhani anapenda kusema. Ameiona hatari ambayo wewe, kwa kuwa hushindi hapo, bado hujaiona.