Chukua Tu, Dada

Adhuhuri ile, fundi cherehani alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani na pini mdomoni. Alitaka kumtumia mteja picha ya mikono ya gauni, simu ikamwambia waifai ya nyumbani imemkataa, aandike neno la siri upya. Akaweka vidole tayari. Hakikuja kitu.

Si kwamba alikosea herufi. Neno lenyewe halikuwepo. Pale lilipokaa miaka yote kichwani mwake palibaki peupe, kama ukuta ulioondolewa saa.

"Mama," akamwita mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja nguo sebuleni, "paswedi yetu ni nini vile?"

"Si lile la siku zote."

"Lipi?"

Mama mkwe akafungua kinywa, akakifunga. "Liko hapa mdomoni," akasema, na uso ukamkunjamana, maana hakuwa mtu wa kushindwa na chochote, sembuse waifai. "Muulize mumeo. Ndiye aliyeliweka."

Mume, dereva wa lori la mikate, akapigiwa simu. Naye akacheka, akasema ni lile la siku zote, jepesi tu, hata mtoto analijua. Kisha kicheko kikamkauka. Akadai yuko barabarani, akakata.

Kwenye kona ya sebule, juu ya kimeza, taa za ruta ya waifai zilikuwa zikipepesa mbio mbio. Wenye nyumba wote wamefungiwa nje, na bado kuna mtu ndani anajilia raha.

"Labda ni yule jirani niliyempa asubuhi," fundi akasema.

"Jirani gani?"

Asubuhi, akiwa katikati ya mshono usiosubiri, mtu aligonga mlango. Sauti ya mwanamke, tamu, ya kubembeleza, ikasema: dada, nimehamia hapa ubavuni, naomba paswedi ya waifai. Fundi hakuinuka. Alilitaja kwa sauti juu ya mlio wa cherehani. Sauti ikauliza, "Ni langu sasa?" Naye, akidhani ni ukarimu, akajibu, "Chukua tu, dada." Hakusikia hatua za mtu akiondoka.

"Ulimwona?" mama mkwe akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Nilimsikia."

"Ubavuni huku kuna ukuta wa barabara. Ubavuni kule kuna ghala lililofungwa. Jirani gani huyo, wewe mwanamke?"

Mama mkwe akaenda kwenye kimeza kwa hasira zake, akaung'oa waya wa umeme wa ruta. Akabaki ameushika mkononi. Taa ziliendelea kupepesa, na harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kutambaa sebuleni.

Hapo ndipo mtoto alipoingia kutoka shule. Alikuwa binti yao wa pekee, mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akatupa begi chini kama kawaida yake, na fundi akafungua kinywa amwite kama kawaida yake, kwa lile jina la nyumbani ambalo kila mtu alimwitia tangu azaliwe.

"Wewe," akasema. "Wewe mtoto. Njoo ule."

Mtoto akamtazama. "Mama, niite."

"Si nimekuita?"

"Hujaniita."

Mama mkwe akaketi sakafuni taratibu, waya bado mkononi. "Jina lake," akanong'ona. "Paswedi ilikuwa jina lake. Tuliweka jina la mtoto."

"Jina gani, mama?"

Bibi yule, ambaye hakuna aliyewahi kuona chozi lake, akaanza kulia.

Wakajaribu jina la shuleni. Mtoto hakugeuka, lile lilikuwa la mwalimu. Wakajaribu mpenzi, mwanangu, malaika. Halafu kutoka kwenye kimeza kukatoka mnong'ono, sauti kama kitambaa kinachochanwa polepole, na uso wa mtoto ukachangamka.

"Abee!" akaitika, akakimbilia chini ya kimeza, akajikunja humo.

Fundi akamvuta mkono. Ulikuwa wa baridi. "Unaitika nani?"

"Mama."

"Mama ni mimi!"

"Mama analijua jina langu," mtoto akasema, bila kisirani, kama mtu anayeeleza mambo yaliyo wazi.

Mume aliporudi, badala ya kusaidia alifoka. Alimwita mkewe mvivu anayegawa mali ya nyumba akiwa amekaa kitako. Mkewe akamjibu kwamba mwenye akili haweki jina la mwanawe liwe ufunguo wa kila apitaye. Waligombana mpaka mtoto alipoomba maji kutoka chini ya kimeza, nao wakanyamaza ghafla, kwa sababu sauti aliyoombea haikuwa yake, ilikuwa ile tamu, ya kubembeleza, na fundi aliijua, na akaelewa kwamba yule aliyebisha hodi hakuja kutafuta waifai wala hakuwa na shida nayo, bali alikuja kutafuta mlango wa kumfikia mtoto huyu, na kwamba yeye mwenyewe, mama mtu, ndiye aliyempa ufunguo bila hata kuinua macho kwenye kitambaa chake.

Kulipokucha tu akaitwa Bibi Chumvi, mganga asiye na subira, ambaye simu yake haikuacha kulia. Akanusa hewa. Akamtazama mtoto chini ya kimeza. Akamgeukia fundi.

"Ulimwambiaje hasa?"

"Chukua tu, dada."

"Ungesema tumia, ningekuwa na pa kuanzia. Chukua ni chukua. Sasa kila mwenye moyo aliyelijua lile jina amenyang'anywa. Nitafutieni kitu kisicho na moyo kinacholijua."

Wakatazamana. Ni mume aliyeshtuka. "Simu yangu ya zamani!"

Ilikuwa kwenye droo ya nyuzi, kioo kimepasuka, imezimwa tangu aliponunua nyingine. Wakaichomeka kwenye umeme. Walipoiwasha, mnong'ono kwenye kona ukapanda, kama kitambaa kinachochanwa kwa nguvu, majora ya vitambaa yakaporomoka rafuni. Mume akatafuta waifai ya nyumbani. Neno la siri lilikuwepo, limefunikwa na vitone, na pembeni picha ya jicho. Akaligusa jicho. Vitone vikageuka herufi.

Punje.

Jina likawarudia wote kwa mpigo, na mwanzo wake pia. Alizaliwa kabla ya wakati, akaenea kwenye kiganja cha baba yake, naye akasema, jamani, hii ni punje tu.

Fundi akajitupa chini ya kimeza. "Punje! Sikuwa na haki ya kukutoa! Nilichotoa nakichukua! Punje, mama anakuita!" Mtoto akamng'ata, akampiga mateke, akamtukana kwa sauti ile tamu, akaitwa kutoka ndani ya ukuta, kutoka darini, kutoka kwenye cherehani iliyokuwa ikizunguka peke yake, huku Bibi Chumvi akirusha chumvi na kukemea, na fundi hakumwachia wala hakunyamaza, aliita na kuita mpaka koo likamkauka na jina likatoka kama pumzi tu, na hapo ndipo mikono midogo ilipomzunguka shingoni.

"Abee, mama," Punje akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ya mafua yasiyoisha. "Nina njaa."

Taa za ruta zikazimika. Wakalia wote, hata baba mtu, tena bila aibu.

Bibi Chumvi alikuwa anafunga mkoba. "Paswedi badilisheni leo. Na jina la mtoto pia."

"Jina?" fundi akauliza.

"Amefukuzwa, hajasahau. Neno mlilomfundisha analo."

Fundi akamkumbatia mwanawe. Jina alilolipigania kwa meno, alitupe? "Hili siliachi tena."

"Mtoto ni wako," mganga akasema, akipokea simu nyingine. "Basi kila ukimwita, umwangalie."

Na kwa muda mrefu alimwangalia. Kila alipomwita aligeuka, akamwona kwa macho, ndipo akaamini. Waifai ikapewa tarakimu zisizo na maana kwa mtu yeyote. Hofu ikapungua, kazi zikaongezeka.

Alasiri moja alikuwa na mshono usiosubiri. Mama mkwe alikuwa ametoka. Nyumba ilikuwa shwari.

"Punje, niletee mkasi."

"Abee, mama."

Akanyoosha kiganja nyuma, macho kwenye kitambaa. Mkasi ukawekwa humo, taratibu, kwa adabu.

"Asante, mwanangu."

Chuma kilikuwa cha baridi kupita kiasi. Ndipo alipoisikia honi ya lori la mikate nje, mlango wa lori ukifunguliwa, na sauti ya mafua ikipiga kelele kutoka barabarani, "Mama, baba kanipitia shule!"

Harufu ya nywele zilizoungua ikamjia puani. Nyuma ya kiti chake, karibu kabisa na sikio, mtu akavuta pumzi.

"Kingine, mama?"