Jioni ya Kufungua Vifurushi

Kwetu Dumai, mji wa bandari, ukitaja safari mezani, kabla sahani hazijaoshwa mtaa mzima unajua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule shule zilipofunga, nami nikaalikwa Melaka, nchi jirani ng'ambo ya bahari, kwa binamu yangu Elvira.

Vifurushi vikamiminika. Huyu ana mwanawe huko, yule ana dada. Kukataa mzigo wa jirani kwetu ni kama kumnyima salamu. Mama alipokea tu, huku nyama ya rendang ikiiva na nyumba ikinukia nazi na mchaichai. Hadi leo nikiisikia harufu ile, naiona sebule yetu.

Siku moja kabla ya safari akaingia jirani yetu, Bi Zurnalis. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizigo bandarini. Alilitazama rundo, akashika kiuno.

"Yusnidar, binti anaenda likizo au anahamisha soko?"

"Si majirani hao, dada," Mama akacheka.

"Desrina, hili boksi la nani?" Bi Zurnalis akanigeukia.

"La Bwana Husni wa duka la simu. Kahawa ya mpwa wake."

"Umeiona hiyo kahawa?"

"Limefungwa kwa gundi, Bi."

"Basi hujaiona. Forodhani mzigo ni wa aliyeubeba. Wakikuta dawa za kulevya humo, watakukamata wewe. Kule ni kifungo kirefu, hata kunyongwa."

Mama aliketi. "Lakini nikifungua mzigo wa mtu, si atasema namshuku?"

"Usifungue wewe. Waite wote. Kila mtu afungue chake, Desrina apange kwa mkono wake. Asiyetaka achukue chake kwa amani. Na hiyo rendang haiendi, nyama hairuhusiwi. Tutaila sisi."

Walikuja jioni. Tukala barazani, vifurushi vikafunguliwa: chipsi za mihogo zenye pilipili, shela, picha za harusi. Mama Asni alitoa chupi mpya za mwanawe, baraza zima likaangua kicheko.

"Mnacheka nini? Huko hamna zinazomtosha!"

Bwana Husni alisema ana haraka. Akaondoka na boksi lake halijafunguliwa. Kilichokuwamo hatukukijua.

"Pasipoti kaa nayo mwilini," Bi Zurnalis aliniambia akiondoka. "Nakala muachie mama yako. Na foleni ikiwa ndefu, usimshikie mtu begi, hata akiwa bibi kizee."

Melaka, afisa alifungua begi langu.

"Umepanga mwenyewe?"

"Mwenyewe, kila kitu."

Akainua chupi. "Na hizi kubwa?"

"Za mtoto wa Mama Asni. Huku hamna zinazomtosha."

Alicheka mpaka akafuta macho, akanipitisha.

Bi Zurnalis alishafariki. Wiki hii mdogo wangu anasafiri, na baraza limejaa tena. Mama amepika rendang. Kiti cha Bi Zurnalis kiko palepale, karibu na mlango, na hakuna anayegusa chakula mpaka kifurushi cha mwisho kifunguliwe.