Punda wa Mama Oppia

Kila asubuhi Vibia aliteka maji kwenye chemchemi ya mtaa, kisha akapita kwa mwoka mikate. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake, Vibio, alikuwa seremala ambaye jua likichomoza tu kwenye vilima vya mji wao wa Preneste alikuwa tayari ameshika msumeno. Vibia hakuzilalamikia kazi hizo, maana njiani alikutana na rafiki yake Turia, na wawili hao hawakukosa la kucheka.

Siku moja walimkuta Fuska amefungwa kwenye nguzo mbele ya duka la Numerio, mfinyanzi. Fuska alikuwa punda wa Mama Oppia, mjane aliyeshusha kuni kutoka mlimani na kuwauzia waoka mikate. Hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtunza, ila punda huyo. Wakati huo mjane alikuwa ndani kwa mwoka mikate jirani, na Fuska alikuwa akisinzia.

"Huyu hata nzi hawamshtui," Turia alisema.

"Mimi nitamwamsha."

"Wewe? Kwa kitu gani?"

Vibia alichomoa pini ya shaba kwenye nywele zake, akamdunga punda kwenye paja la kushoto. Alidhani atapunga mkia tu. Fuska aliruka, akarusha mateke nyuma, na mitungi ya mafuta ambayo Numerio alikuwa ameipanga nje ikaangukiana na kuvunjika yote.

Numerio alipotoka, wasichana walikuwa wameshajificha nyuma ya ukuta. Walimwona ameshika kichwa, na Mama Oppia akija mbio kutoka kwa mwoka mikate.

"Mama Oppia, mitungi hii nilishamwahidi mtu," alisema. "Nitamwambia nini?"

"Fuska hajawahi kumpiga mtu teke, Numerio. Wewe mwenyewe unamjua."

"Namjua, lakini leo amepiga. Na sheria unaijua, mama. Mnyama akiharibu mali ya mtu, mwenyewe alipe, au amtoe mnyama."

Mama Oppia hakuwa na cha kulipa. Alifuta shingo ya Fuska kwa kitambaa chake.

"Nyamaza," Turia alinong'ona. "Punda hasemi. Na wewe ukisema, baba yako ndiye atakayedaiwa. Akishindwa, atakutoa wewe ukamtumikie Numerio. Sheria ya watoto ni ileile ya punda."

Vibia alinyamaza. Lakini kila asubuhi alikutana na Mama Oppia, akamsalimia, na mjane akaitikia kama kawaida. Asubuhi moja alimtazama kwa makini.

"Mbona umekonda, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

Mama Oppia alimtilia zabibu za porini mkononi. Vibia alishindwa kuzila. Alizitupa mtaroni, halafu akalia.

Siku ya shauri la mitungi ilifika. Wakuu wa mji walikuwa wamemteua Kalventio, mzee ambaye pande zote mbili zilimkubali, aamue. Watu walikusanyika uwanjani. Fuska alisimama kando, kamba shingoni. Numerio alieleza hasara yake bila chuki. Mama Oppia alipoulizwa kama atalipa au atamtoa punda, alimtazama Fuska, akainamisha kichwa.

Vibia alivuta nguo ya baba yake. "Baba, ni mimi. Nilimdunga kwa pini."

Vibio aliinama. "Umesema nini?"

Alirudia. Baba yake alinyooka, akamtazama mjane. Kisha akamshika mkono, wakapita katikati ya watu.

"Mzee Kalventio," Vibio alisema, "binti yangu ana neno. Yuko chini ya mamlaka yangu, kwa hiyo litakalotoka hapa ni juu yangu."

Vibia alieleza yote, macho chini. Numerio alitikisa kichwa. "Mtoto anamhurumia mjane tu."

"Ulimdunga wapi?" Kalventio aliuliza.

"Paja la kushoto, juu kidogo ya goti."

Mzee aliinuka, akamwendea Fuska na kutenganisha manyoya kwa vidole. Palikuwa na kigaga kidogo cha kidonda. Alirudi kitini.

"Sheria hiyo ni ya mnyama aliyedhuru kwa ukali wake mwenyewe," alisema. "Huyu alichokozwa, na aliyemchokoza ndiye mwenye kosa. Mama Oppia, mchukue punda wako."

Mama Oppia hakumshika Fuska mara moja. Alimgeukia Vibia. "Siku zote hizi ulikuwa unanisalimia."

Vibia alianza kulia, na hakuna aliyembembeleza.

Ikabaki hasara ya Numerio. Alikuwa na haki ya kumshtaki Vibio, na watu walisubiri wasikie atasema nini. Vibio hakumngoja.

"Mwanangu simtoi," alisema. "Lakini paa la tanuri lako linavuja. Nitalijenga upya. Naye atakuja kwako kila asubuhi kukanda udongo, na usiku atalala kwangu, mpaka mitungi mingine iwe imefinyangwa badala ya ile iliyovunjika."

Numerio alimtazama Vibia, mikono yake midogo. "Kukanda udongo si mchezo, binti."

"Nitakanda."

"Basi tumekubaliana. Mzee, uwe shahidi."

Udongo ulikuwa baridi na mzito. Siku za kwanza Vibia alirudi nyumbani hawezi kukunja ngumi. Turia alipita mara moja, akasimama mlangoni, akaona haya, kisha akavua viatu, akaingia na kukanda pamoja naye.

Kazi ilipokaribia kwisha, Mama Oppia alileta kuni za tanuri. Alizipanga, akaketi juu ya mzigo mmoja.

"Nilikukasirikia sana," alisema.

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Ungesema siku ileile, ungekuwa umevunja mitungi tu. Uliponyamaza, ulikaribia kunivunja na mimi. Kosa likifichwa halikai pale lilipoanzia, mwanangu. Linamtafuta asiye na hatia limkalie. Ukikosea tena, na utakosea kwa sababu u mtu, sema mapema, wakati bado ni dogo."

"Nitasema."

"Haya. Sasa sogea, nikuonyeshe. Udongo haukandwi kwa vidole, unakandwa kwa kitako cha kiganja, hapa karibu na kifundo."