Kiti cha Mshairi

Kila asubuhi mamake Peris alimsuka nywele huku akitunga mistari ya Kiswahili. Siku moja alitunga juu ya mvua ya Barking, kitongoji chao jijini London, inayoingia mtaani bila kubisha hodi. Peris alielewa kila neno, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kisha akaitafsiri ile mistari, akaipeleka shuleni kwa Mwalimu Marion kama shairi lake mwenyewe.

Mwalimu Marion alizaliwa Welisi. Kila mwaka aliandaa eisteddfod, tamasha la kwao la kushindana kwa mashairi na nyimbo. Jina hilo, alisema, maana yake ni kikao. Washairi walitumia majina ya kubuni, na mshindi alikalishwa mbele ya watu kwenye kiti cha mbao kilichochongwa. Peris alikitaka kiti hicho kwa udi na uvumba.

Siku ya tamasha ukumbi ulifurika. Mama, ambaye ni muuguzi, alikuja na sare yake ya kazi, akaketi nyuma. Shairi lililoshinda lilipoanza kusomwa, Peris aligeuka. Mama alikuwa ameduwaa, mkono mdomoni. Ameyatambua maneno yake!

"Aliyejiita Tone, asimame!" Mwalimu Marion aliita.

Peris hakusimama. Mwalimu akaita tena. Kile kiti alichokitamani, sasa alikiogopa. Angeweza kukikalia, na hakuna ambaye angejua ila mama. Hilo ndilo lililomchoma. Akainuka.

"Ni mimi," alisema. "Lakini shairi ni la mama. Mimi nimetafsiri tu."

Minong'ono ikazagaa. Mwalimu Marion alivua miwani. "Basi mwaka huu kiti kitabaki kitupu. Hata Welisi hutokea. Lakini Peris, tuna shindano la tafsiri pia. Ungesema kweli mapema, ungeshinda."

Peris alilia kwa aibu.

Walirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. "Umenikasirikia, Mama?" Peris aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Nilikasirika ulipokaa. Uliposimama, hasira ikaniisha," mama alijibu. "Sifa ya kuiba haikaliki, mwanangu. Kila anayekutazama utadhani anajua. Kesho nikikusuka, mstari wa kwanza tunga wewe."

Peris alianza papo hapo, akakwama kwenye neno la tatu. Mama akamngojea alitafute.