Herufi Moja ya Naila

Herufi moja tu ndiyo iliyomkera Shamsia. Kila Jumatatu, wakishafagia chumba cha kompyuta, yeye na wenzake wa darasa la sita hupitia kurasa za tovuti ya shule. Siku hiyo alifungua insha ya Naila, "Mama Yangu na Samaki Wake", akaona imeandikwa "chunvi" badala ya "chumvi". Akaisahihisha, akahifadhi.

Papo hapo jina la Naila likatoweka. Chini ya kichwa pakasomeka: Imeandikwa na Shamsia Mrisho, 14 Julai. Kompyuta ilichukua jina la aliyeigusa mwisho, na tarehe ya leo. Naila aliiandika insha hiyo tarehe 10 Machi. Mwezi wa Aprili homa ilimchukua, akazikwa.

Shamsia alitaka kumwita mwalimu, lakini Mikdad, aliyezoea kumwita Bubu kwa ukimya wake, alikwisha kuona.

"Heee! Bubu kumbe mwandishi! Jamani, njooni mwone!"

Wakamzunguka, wakasoma, wakasifu. Shamsia, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa lolote, akanyamaza. Sifa zile ziliingia tamu, kisha zikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alhamisi, wakiwa tena chumbani humo, mama yake Naila alibisha hodi, simu mkononi.

"Mwalimu, maneno ya mwanangu siyaoni. Kila jioni dada yake hunisomea. Sasa kuna jina jingine, na tarehe ya juzijuzi. Mmemfuta?"

Mwalimu Leodgar alifungua ukurasa, akakunja uso. "Shamsia, insha hii ni yako?"

"Sema basi, mwandishi," Mikdad alinong'ona.

"Si yangu." Machozi yalimlengalenga. "Nilibadili herufi moja tu. Jina lilipogeuka, niliona. Nikanyamaza kwa sababu walinisifu."

Mwalimu alikaa kando yake, wakarudisha jina la Naila na tarehe yake.

"Herufi gani hiyo?" mama aliuliza.

"Aliandika chunvi, mama."

Mama akaisogelea kompyuta. "Ndivyo alivyotamka tangu mdogo. Nilimcheka mpaka nikachoka. Mwacheni na chunvi yake."

Wakairudisha nayo.

"Kusahihisha herufi si kuandika," mwalimu alisema taratibu. "Jina hutuambia nani kasema, tarehe hutuambia kasema lini. Ukigeuza hayo mawili, ukurasa unadanganya hata kama kila neno lake ni kweli. Na kosa la mashine, ukiliona ukalinyamazia, limekuwa lako."

Mama aliaga, akatoka. Shamsia alimtazama akivuka uwanja peke yake. Siku ya msiba alijificha nyuma ya kina mama, neno likakataa kutoka. Tangu hapo, miezi mitatu, aliikwepa njia ya nyumba ile.

Akamkimbilia, akamfikia getini, akamshika mkono.

"Mama," alisema, "pole kwa msiba. Naila alikuwa rafiki yangu."